Mambo yenye kinywa inakatala kusema

Kila mutu wa kampi anajua ile namna. Baba anatoka ku poste ya usiku, anavua bote, anakaa pa kiti, haongee. Bibi anamuuliza: « Kuko nini? » Anajibu: « Hakuna kitu. » Kumbe usiku ule mwenzake alifinywa na jiwe mbele ya macho yake. Ku mine wanatupatia kaske, bote na maske ya vumbi. Kwa ile yenye inabakia mu kichwa, hatupewe kitu. Basi wengi wanaitafutia dawa mu lutuku, na lutuku inakula feza ya unga, kisha inaleta mapigano mu nyumba.

Wazazi wetu walikuwa na dawa ingine. Mu miaka ya 1970, mu nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kulikuwa picha ku ukuta wa salon, zenye walinunua kwa wachoraji wa kartiye. Mamba muntu. Colonie belge na fimbo yake. Usine na moshi yake. Waliziita ukumbusho, na haikuwa ya kupamba tu: mugeni anaingia, anaangalia, anauliza, na pale njo baba anaanza kuelezea mambo yenye watoto hawajasikia hata siku moja. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi yetu mu picha zaidi ya 100, karibu na mwaka wa 1974, na aliielezea picha kwa picha mu hii hii Swahili yetu. Vita, maiti, gereza, vyote alichora. Na Mufwankolo na wenzake, wao walichekesha watu. Unacheka muzee mwenye anakula mushahara yote, kisha unanyamaza, juu unajiona.

Jirani yangu mumoja alitoka Gécamines mu 2003, mu ule mupango wa départs volontaires wenye ulipeleka ku nyumba wafanyakazi zaidi ya 10,000. Miaka miwili alikaa chini ya muembe. Siku moja mukwe wake, mupiga shaba, alimupatia nyundo na kipande cha shaba, amusaidie kazi tu. Leo anapiga sura za watu, mitumbwi, wanawake wa kutwanga. Haziuzike sana, tuseme ukweli. Lakini anasema: « Hii shaba ilinivunja mugongo; sasa ni miye njo naipiga. » Na bibi yake anasema amerudia kulala usingizi.

Wenye kufikiri hii ni michezo ya watoto wajue: mu 2019, shirika la afya la ulimwengu, OMS, lilitoa ripoti yenye ilikusanya masomo zaidi ya 3,000 juu ya muziki, ngoma, kuchora na teatri, na ilionyesha kama vinasaidia afya ya mwili na ya roho. Wamama wetu hawakungojea ripoti. Mu kilio wanaimba, wanaita jina la marehemu, wanalia pamoja, na kesho yake wanaweza kupika.

Tusidanganyane: wimbo hauponyeshe kila kitu. Mutu mwenye haonje chakula, mwenye anasikia sauti, mwenye anasema anataka kufa, mupeleke kwa munganga leo, si kesho. Hiyo si haya wala si uchawi.

Lakini kwa wengine wote, tunauliza wakubwa wa makompani na wa sendika kitu kidogo. Mu mwezi wa 6 mwaka wa 2019, wakati udongo uliangukia bakrezeri karibu na Kolwezi, zaidi ya 30 walikufa, na wenzao wenye walivuta maiti walirudia mu mashimo. Nani aliwauliza kitu? Kisha kila aksida, equipe ipewe siku chache za kupumzika, na salle ya cercle ifunguliwe mangaribi: gitare mbili, karindula, rangi na karatasi kwa watoto, muzee mumoja mwenye anajua teatri. Bei yake haifike ya pneu moja ya kamyo ya mine.

Na weye baba, kama mutoto amechora shimo na mutu ndani, usimukaripie. Kaa chini, umuulize ule mutu ni nani.