Silaha Halali Barabarani: Mmiliki Asisubiri Kuulizwa

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Katika miaka ya karibuni, matangazo ya Serikali kuhusu silaha za moto yameelekezwa zaidi kwa watu wanaozimiliki kinyume cha sheria. Msamaha wa kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2023, kwa mfano, uliwapa watu hao nafasi ya kuzisalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Upande ambao haujazungumzwa sana ni ule wa mwananchi aliyefuata taratibu zote, akapewa leseni, kisha akasimamishwa na askari usiku kati ya Muleba na Bukoba akiwa na bastola kiunoni. Je, anyamaze hadi aulizwe, au aseme mwenyewe?

Swali hili lina uzito wa pekee mkoani Kagera. Mkoa huu unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na umepitia Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 pamoja na athari za migogoro ya nchi jirani katika miaka ya 1990. Wasafiri wengi wanakumbuka enzi ambazo mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki katika mapori ya Biharamulo na Ngara kwa kuhofia majambazi. Mwezi Julai 2013, Rais wa wakati huo, Dkt. Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani humu, alitoa siku 14 kwa wahamiaji haramu kuondoka na kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha. Mwezi Septemba mwaka huo ikafuata Operesheni Kimbunga. Askari anayesimamisha gari hapa hufanya kazi yake akiwa na historia hiyo akilini.

Kwa upande wa sheria, msingi ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Chini ya sheria hiyo, kumiliki silaha ni ruhusa inayotolewa baada ya mwombaji kuchunguzwa mwenendo, afya ya akili na uwezo wake wa kuitumia kwa usalama. Leseni hutolewa kwa mtu na kwa silaha mahususi, na mmiliki anapaswa kuionesha askari anapoitaka. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa askari mamlaka ya kusimamisha na kupekua chombo cha usafiri pale anapokuwa na sababu za msingi za kushuku kosa.

Kwa hiyo, wajibu wa kuonesha leseni unapotakiwa hauna utata. Kutamka mapema ni suala la busara, na sababu yake ni rahisi. Askari aliyesimama nje ya gari gizani haoni leseni, anaona mikono. Dereva anayeinama kutafuta kadi ya gari, shati likapanda na kitako cha bastola kikaonekana, amempa askari sekunde chache tu za kuamua kama aliye mbele yake ni mfanyabiashara wa kahawa au jambazi. Neno lililotangulia lingeuondoa mtihani huo kwa wote wawili.

Hata hivyo, kusema peke yake hakutoshi. Mwezi Julai 2016, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, dereva Philando Castile, aliyekuwa na kibali halali, alimwambia askari aliyemsimamisha kwamba alikuwa na silaha. Muda mfupi baadaye alipigwa risasi na kufariki dunia. Askari alidai alidhani dereva alikuwa akiitoa bastola; mwaka uliofuata mahakama ilimwachia huru. Funzo la tukio hilo linawahusu wote wawili: taarifa ya silaha iende pamoja na utulivu wa mikono, na mpokeaji wake aipokee kwa utulivu uleule.

Utaratibu salama ni huu. Simamisha gari, zima injini na, kama ni usiku, washa taa ya ndani. Weka mikono juu ya usukani. Kabla ya kutafuta nyaraka yoyote, sema kwa sauti ya kawaida: "Afande, ninamiliki bastola kihalali. Iko kiunoni upande wa kulia, na leseni iko kwenye pochi. Nielekeze nifanye nini." Kisha subiri. Usiishike silaha, hata kwa nia ya kuikabidhi, mpaka utakapoelekezwa. Abiria nao watulie.

Askari naye ana wajibu wake. Mwananchi aliyejitambulisha kwa hiari amekwisha kuonesha kwamba hana cha kuficha. Anastahili maelekezo mafupi yanayotolewa moja baada ya jingine, bila kufokewa na bila kuchukuliwa kuwa mhalifu kwa sababu tu ana silaha. Uaminifu ukilipwa kwa usumbufu, mmiliki wa kesho atachagua kunyamaza, na atakayehatarishwa na ukimya huo ni askari mwenyewe.

Yapo pia mambo ya kukumbuka kabla ya safari. Leseni ya Tanzania haivuki Mutukula: Uganda ina sheria yake, na kuingiza au kutoa silaha nchini kunahitaji kibali maalumu. Bunduki haiazimwi kwa ndugu wala dereva. Gobole nalo ni silaha ya moto. Kurithi kutoka kwa babu hakulifanyi kuwa halali. Silaha iliyopotea iripotiwe polisi mara moja.

Leseni humlinda mmiliki mbele ya sheria. Usiku barabarani, kabla leseni haijasomwa, kinachomlinda yeye na askari ni sentensi moja iliyosemwa mapema, mikono ikiwa inaonekana.