Uso unawaka? Usikimbilie tyubu ya dukani (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nasema wazi: kinachotuharibia nyuso ni haraka ya kupaka. Uso ukiwaka tu, shoga anakwambia, "Hiyo aleji, kanunue tyubu." Tyubu nyingi za namna hiyo zina steroidi, kama betamethasoni au klobetasoli. Siku mbili tatu uso unatulia, unashukuru. Ukiacha, unarudi na hasira. Ukiendelea wiki na wiki, ngozi inakuwa nyembamba na unaweza kujitengenezea rosasea kwa mkono wako. Na mikorogo mingi ina steroidi hizo hizo.

Hebu tutofautishe:

▪️ Rosasea: mashavu, pua, paji na kidevu. Inachoma kuliko kuwasha. Inapanda ukipigwa na jua, ukinywa chai ya moto, ukila pilipili au ukikaa jikoni. Vipele vipo, vichwa vyeusi hakuna. Macho nayo yanaweza kukereketa kama yana mchanga.

▪️ Chunusi: utaona vichwa vyeusi au vyeupe.

▪️ Aleji ya ngozi: inawasha sana, na mara nyingi kuna kitu kipya: sabuni, losheni, rangi ya nywele.

▪️ Mba wa uso: magamba ya mafuta pembeni mwa pua na kwenye nyusi.

▪️ Lupasi: mashavuni na juu ya pua, ila mara nyingi inaruka ile mikunjo ya kutoka puani kwenda mdomoni. Kama viungo vinauma, umechoka kupita kiasi au una vidonda mdomoni, nenda ukapimwe.

▪️ Upande mmoja umevimba, una joto na una homa: hospitali leo leo.

Sisi wenye ngozi nyeusi, wekundu unajificha. Utaona weusi au rangi ya zambarau, kisha wote tunaita chunusi. Kwa hiyo usitazame rangi peke yake. Jiulize: inachoma au inawasha? Inapanda nikifanya nini?

Najua mtasema hospitali ni foleni na hela. Kweli. Lakini piga hesabu ya tyubu ulizonunua mwaka huu, bado ngozi iliyoharibika.

Kama umepaka muda mrefu, usione aibu. Beba tyubu yenyewe, mwonyeshe daktari, akupangie namna ya kuacha. Na tafadhali jamani, usimpake mtoto.