Vinasaba vya mibuni vipimwe kabla miche haijatoka kitaluni

Bei ya kahawa imewarudisha watu shambani. Mapema mwaka 2025 Arabika ilipita dola 4 za Marekani kwa ratili katika soko la New York, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa. Bei ya namna hiyo huamsha mashamba yaliyotelekezwa, na huamsha pia wachuuzi wa miche. Kuanzia Kagera na Kilimanjaro hadi Mbozi na Mbinga, swali la msingi ni moja: mche anaokabidhiwa mkulima ni wa aina gani?

Kitaluni, jibu hutolewa kwa mdomo. Mche wenye jozi sita za majani ndani ya kiriba cheusi hauna cha kuonyesha zaidi ya afya yake. Majani machanga yanaweza kuwa ya kijani au yenye rangi ya shaba, na zipo aina zinazotoa rangi zote mbili. Bwana shamba hodari ataona mche uliodumaa au wenye mizizi iliyopinda, lakini aina yake hawezi kuiapia.

Ukweli hujitokeza mkulima akiwa ameshalipa. Mbuni huanza kuzaa vizuri mwaka wa tatu au wa nne, na ukitunzwa hudumu miaka 30 na zaidi. Hekta moja iliyopandwa kwa nafasi ya kawaida hubeba mibuni 1,330. Mwenye mahindi aliyeuziwa mbegu mbovu hupoteza msimu mmoja. Mwenye kahawa hupoteza miaka minne, kisha huanza upya kwa kung'oa. Na zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania hutoka kwa wakulima wadogo, wasio na akiba ya kusubiri mara ya pili.

Magonjwa hayasubiri. Chulebuni, ulioonekana kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, unaweza kuteketeza hadi asilimia 80 ya mavuno kwenye mibuni isiyo na ukinzani. Mkulima aliyeambiwa kuwa miche yake ni kinzani huacha kununua dawa na kulitundika bomba, na hapo ndipo ugonjwa humkuta. Kwenye Robusta, mnyauko fuzari ulianza kuiangamiza mibuni ya Uganda katika miaka ya 1990 na baadaye ukaingia Kagera. Mti ulioshikwa hauna tiba. Hung'olewa na kuchomwa moto.

Udanganyifu si lazima uwepo ili madhara yatokee. Aina chotara za Arabika zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) huzalishwa kwa vikonyo, kwa kubebesha au kwa chupa za maabara, kwa sababu mbegu ya chotara haimrudishi mzazi wake. Mbegu inayookotwa kwenye Ruiru 11 ya Kenya nayo haimrudishi mzazi. Anayeokota buni chini ya mti kinzani wa jirani na kuisia kwa nia njema atapata miche inayotofautiana, mingine ikiwa haina ukinzani hata kidogo. Robusta, ambayo lazima ichavushwe na mti mwingine, hutawanya sifa zake zaidi.

Hasara ipo hata kwenye jina. Geisha, kahawa iliyoshangaza dunia katika mashindano ya Panama mwaka 2004, ilitoka Ethiopia ikapitia kituo chetu cha utafiti cha Lyamungu kabla ya kufika Costa Rica mwaka 1953. Hata hivyo, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya sampuli zilizoitwa Geisha hazikuwa Geisha. Mnunuzi anayelipia jina atalipima, na siku atakapogundua dosari, bei itashuka kwa mwaminifu na kwa laghai pamoja.

Dawa ya hayo inajulikana. Vipande vichache vya jani, vikakaushwa vizuri na kupelekwa maabara, vinatosha kulinganisha mbuni na aina halisi iliyosajiliwa. Hakuna haja ya kupima kila mche. Yapimwe mashamba mama yanayotoa vikonyo na mbegu, kisha zichukuliwe sampuli katika kila kitalu. Gharama ya kupima mti mama mmoja hugawanyika kwa maelfu ya miche inayotokana nao. Wala nchi haianzi sifuri, kwani TaCRI inazo aina halisi na kituo cha Mikocheni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kina uzoefu wa miaka mingi katika bayoteknolojia ya mimea.

Kinachokosekana ni amri. Serikali itamke kwamba hakuna mche utakaonunuliwa kwa fedha za umma, wala kugawiwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) au halmashauri, bila shamba mama lake kuthibitishwa kwa vinasaba. TOSCI, yenye dhamana ya ubora wa mbegu, ishirikiane na Bodi ya Kahawa kutangaza orodha ya vitalu vilivyothibitishwa, ibandikwe katika kila ofisi ya chama cha msingi. Mkulima apewe hati yenye jina la aina na kitalu, ili akidhulumiwa awe na pa kudai. Agizo hilo litoke kabla ya masika yajayo, kwa kuwa kila msimu unaopita bila kupima unapanda kosa ambalo wakulima watalilipia kwa miaka 30.