Tuiulize Seva Kwanza

Leo naongea juu ya kompyuta. Msigune!

Hapa Kiminini, ukurasa wa intaneti ukikataa kufunguka tunalaumu mtandao, kisha tunabonyeza na kubonyeza mpaka bando inaisha. Mbona tusiiulize seva yenyewe? Iko programu ya bure, curl, iliyotolewa kwa jina hilo mwaka 1998 na Daniel Stenberg wa Uswidi. Fungua dirisha la amri, andika curl -I (I kubwa, jamani!), kisha anwani. Seva italeta vichwa vya jibu tu, bila ukurasa, kama mtu anayesoma bahasha kabla ya kufungua barua. Ukiona 404, ukurasa haupo, hata ungoje mpaka jioni. 503, seva imelemewa au inatengenezwa, rudi baadaye. Na Content-Length, ikiwapo, ni uzito wa faili kwa baiti: 30000000 ni megabaiti 30. Mtahiniwa anayetafuta karatasi za mitihani ya zamani ajue hayo kabla hajamaliza pesa za mama.

Kwa maoni yangu, somo la kompyuta lisiishie kuchapa barua na kupamba herufi. Walimu wetu, tunaomba kipindi kimoja tu, hata Ijumaa baada ya michezo.