Acheni Kusema "Ni Ngozi Tu"

Kuna kauli inayowagharimu wazee wetu uhai: "Ni ngozi tu, haiui." Utaisikia kwa ndugu, kwenye duka la dawa baridi, hata kwa mhudumu wa afya aliyeelemewa na foleni. Bibi anajikuna usiku kucha, anapewa dawa ya upele, anarudishwa nyumbani. Miezi inapita. Kisha malengelenge makubwa yaliyotuna maji yanamtoka mapajani, tumboni na mikononi, na jibu linabaki lile lile.

Kauli hiyo si kweli. Ugonjwa ninaousema ni pemfigoidi, ambao daktari wa ngozi Walter Lever aliutenganisha na pemfigasi, ugonjwa mwingine wa malengelenge, mwaka 1953. Huwapata zaidi watu waliovuka miaka 70. Kinga ya mwili huzigeukia protini mbili, BP180 na BP230, ambazo ni kama gundi inayoshikiza tabaka la juu la ngozi kwenye la chini. Gundi ikiachia, maji hujaa katikati na lengelenge huinuka.

Sasa wanaoamini kwamba ngozi haihusiani na kitu kingine watujibu hili: protini hizo zina ndugu zake ndani ya ubongo. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta dimenshia, kiharusi na ugonjwa wa Parkinson kwa wagonjwa wa pemfigoidi kwa wingi kuliko kwa wazee wa rika lao. Tena mara nyingi ubongo ndio hutangulia kuugua, ngozi ikafuata baadaye. Watafiti wanashuku kwamba ubongo ukidhurika, protini zake huanikwa mbele ya kinga ya mwili, nayo ikishazihesabu kuwa adui huzisaka mpaka kwenye ngozi. Dhana hiyo bado inachunguzwa. Kwamba magonjwa haya huandamana, hilo limeonekana mara nyingi mno kupuuzwa.

Sisi tunafanya nini? Mzee akisahau, tunasema uzee. Akijikuna, tunasema ngozi. Malalamiko mawili ya mtu mmoja hayakutani hata kwenye daftari lake la kliniki. Fikirieni bibi aliyepoteza kumbukumbu: hawezi kueleza kwamba anawashwa. Anabandua bandeji, anachubua vidonda, anapiga kelele usiku. Nyumbani anaonekana mkorofi, na majirani wanaanza kunong'ona habari za uchawi. Kumbe anaungua kwa muwasho na maneno yamemwishia.

Hata tiba yenyewe inategemea akili. Vidonge vya steroidi kwa dozi kubwa hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na vinaweza kumvuruga mzee fikra. Mwaka 2002 madaktari wa Ufaransa walichapisha jaribio lililolinganisha vidonge hivyo na krimu ya klobetasoli, gramu 40 kwa siku. Kati ya waliokuwa na malengelenge mengi, waliopakwa krimu na kuumaliza mwaka wakiwa hai walikuwa asilimia 76. Waliomeza vidonge, asilimia 58. Nani bado atasema haiui? Lakini mtu asiyekumbuka kama amekula hawezi kujipaka mwili mzima kila siku. Lazima awepo wa kumpaka, na daktari amuulize ni nani. Na hii si ruhusa ya kukimbilia dukani: krimu hiyo hiyo inauzwa kiholela kwa wanaojichubua, na bila usimamizi huliza watu.

Wataalamu tunao. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Moshi, pale hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwaandaa tangu 1992. Kinachokosekana ni sisi kuwafikishia wagonjwa mapema.

Basi nadai mambo matatu. Mzee mwenye malengelenge aulizwe kuhusu kumbukumbu, mwendo na kutetemeka, na familia ijibu pamoja naye. Mzee anayesahau, akijikuna kwa majuma bila kupona, avuliwe nguo na kukaguliwa, na kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara hata kabla ya lengelenge la kwanza. Na dawa zake zote zitajwe, hasa za kisukari za kundi la gliptini, ambazo zinajulikana kuweza kuchochea ugonjwa huu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine mpya ili lianze. Yote yanahitaji tumtazame mzee mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, siku ya kwanza anapoletwa.