SAFU YA ELIMU: Mlango Mwembamba wa Masomo ya Tiba ya Usemi



Wazazi kadhaa, hasa akina mama, wametuuliza juu ya kazi ambayo mabinti zetu wameanza kuitamani, nayo ni tiba ya usemi na lugha. Wengine wameuliza kwa furaha, na wengine kwa uchungu, kwa kuwa watoto wao waliomba masomo hayo wakakataliwa. Mwezi huu tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu, maana mlango wake ni mwembamba, na wengi wetu huugonga bila ya kujua wenye nyumba wanatafuta nini.

Tuanze na kazi yenyewe. Sote tunakijua kisa cha Nabii Musa (A.S.), alivyomwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na ampe nduguye Harun awe msaidizi wake. Kwa hiyo Mwislamu hana sababu ya kuyadharau maradhi ya usemi, wala kumcheka mwenye kigugumizi. Mtaalamu wa tiba hii humhudumia mtoto aliyechelewa kusema, mtoto mwenye usonji, na mzee aliyepotewa na maneno baada ya kiharusi. Tena, jambo ambalo wengi hawalijui, humsaidia mgonjwa asiyeweza kumeza chakula bila ya kupaliwa. Wengine hufanya kazi mashuleni, wengine hospitalini, na wengine katika nyumba za kutunzia wazee.

Hapa Marekani shahada ya kwanza peke yake haitoshi. Hutakiwa shahada ya uzamili, ambayo aghalabu huchukua miaka miwili, kutoka programu iliyopata ithibati ya chama cha taaluma hiyo, yaani American Speech-Language-Hearing Association, au ASHA kwa ufupi, kilichoasisiwa mwaka 1925. Kwa kanuni za chama hicho zilizoanza kutumika mwaka 2020, mwanafunzi hutimiza saa 400 za mafunzo ya vitendo: 25 za kutazama wataalamu wakifanya kazi, na 375 za kuwahudumia watu yeye mwenyewe. Hufanya mtihani uitwao Praxis, ambao alama ya kufaulu ni 162, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kwa muda usiopungua wiki 36. Baada ya hayo yote ndipo hupewa cheti.

Msidhani kwamba nafasi ni chache kwa ajili ya uhaba wa viti darasani. Kila mwanafunzi anapomhudumia mgonjwa, msimamizi mwenye cheti hana budi kuwapo na kumwangalia kwa robo ya muda huo kwa uchache. Wasimamizi ni haba, na hospitali na shule zinazokubali wanafunzi pia si nyingi. Ndiyo sababu darasa moja mara nyingi huwa na wanafunzi thelathini au arobaini tu, ilhali maombi huja kwa mamia. Basi aliyekataliwa asifikiri kwamba amehukumiwa kuwa hafai. Wengi wanaofaa hurudishwa kila mwaka.

Tutatoa mfano wa binti mmoja wa jamii yetu, ambaye ameturuhusu kuisimulia habari yake bila ya kumtaja jina. Aliomba vyuo sita, na vyote sita vikamkatalia. Wastani wake wa alama ulikuwa 3.4 katika kipimo cha 4.0, na muhula mmoja ulikuwa umeanguka vibaya. Alitujia na insha yake ya kujieleza, tukaisoma. Ilisema kwamba anawapenda watoto, anapenda kuwasaidia watu, na kazi hii ameitamani tangu utotoni. Haikuwa na uongo, lakini haikuwa na neno hata moja ambalo mwombaji mwingine yeyote asingeweza kuliandika. Tukamwuliza muhula ule ulioanguka alikuwa wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa hospitalini na bibi."

Bibi yake, mzaliwa wa Unguja, alikuwa amepatwa na kiharusi. Mtaalamu wa usemi alikuja kitandani na picha, akamwuliza kwa Kiingereza jina la kila kitu. Bibi, ambaye Kiingereza chake ni cha kununulia dukani, alinyamaza mbele ya picha nyingi, na ikaandikwa kwamba amepoteza sehemu kubwa ya maneno yake. Mjukuu hakuridhika. Jioni alikuja na mfuko wa vyombo vya jikoni, akawa anavitoa kimoja kimoja na kuuliza kwa Kiswahili, "Bibi, hiki nini?" Bibi akavitaja: mwiko, upawa, kung'uto, kinu. Alipoonyeshwa kawa akakwama. Alisema, "Kile... cha kufunikia... chakula kisiingie nzi." Matumizi yake aliyajua, lakini jina lenyewe halikuja. Binti akaandika kila neno katika daftari, lililokuja na lisilokuja, na asubuhi akampelekea mtaalamu. Naye, kwa uadilifu wake, akaomba mkalimani na kumpima bibi upya. Maradhi yalikuwapo kweli, lakini yalikuwa madogo kuliko yalivyoandikwa, tena ya namna nyingine.

Tukamwuliza, "Mbona haya hayamo katika insha?" Akajibu, "Niliona ni mambo ya nyumbani. Tena niliona haya kuwaambia watu kwamba bibi yangu hajui Kiingereza."

Wasomaji wetu, hili ndilo tulilokusudia kulisema mwezi huu. Watoto wetu huficha kwa haya kile ambacho vyuo vinakitafuta. Si kwa kuwa kuzaliwa katika nyumba ya Kiswahili ni tikiti ya kuingilia, hapana. Lakini wataalamu wawezao kuhudumu kwa lugha zaidi ya moja ni chini ya mmoja katika kila kumi nchini humu, na sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyopitishwa mwaka 1975 na kupewa jina lake la sasa, IDEA, mwaka 1990, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake mwenyewe kila inapowezekana. Mtoto wetu asemaye "sikuli" badala ya kutamka neno la Kiingereza lilivyo, hana maradhi. Ameliongezea irabu kama Kiswahili kinavyotaka. Asiyejua hili aweza kumtia katika darasa lisilomstahiki. Na yule mwenye maradhi ya kweli naye aweza kuachwa bila ya msaada, kwa kudhaniwa kwamba ni ugeni wa lugha tu. Ajuaye kuzitenga hali hizi mbili, akaonyesha kwa mfano aliouona kwa macho yake, huyo kamati humsikiliza.

Mwaka wa pili binti yule aliandika habari ya daftari lake. Muhula ulioanguka aliueleza kwa sentensi mbili, bila ya kulalamika. Kabla ya kuomba tena alisoma somo la takwimu akapata alama ya juu, na alifanya kazi ya usaidizi katika shule moja ya msingi. Aliomba vyuo vinane. Vitano vilimkatalia, kimoja kilimweka katika orodha ya kungoja, na viwili vikamkubali.

Kwa vijana wanaojitayarisha, tunawausia mambo haya.

Kwanza, masomo ya awali. Cheti cha ASHA hudai biolojia, fizikia au kemia, takwimu, na sayansi ya jamii. Aliyesoma fani nyingine katika shahada ya kwanza hatakiwi kukata tamaa. Vyuo vingi humtaka asome kwanza fonetiki, anatomia ya viungo vya usemi, ukuaji wa lugha kwa mtoto, na elimu ya usikivu. Baadhi ya masomo haya hupatikana kwa njia ya mbali. Jihadharini: maombi mengi hupitia mfumo mmoja uitwao CSDCAS, nao huhesabu alama za kila chuo mlichowahi kusoma, hata za somo mlilolirudia. Aliyesoma Dar es Salaam, Nairobi au Muscat atatakiwa kufanyiwa tathmini ya vyeti vyake, na kazi hiyo huchukua muda.

Pili, kuchagua vyuo. Msikimbilie majina makubwa peke yake, maana cheti cha mwisho ni kimoja. Katika jimbo la Ohio, kwa mfano, masomo haya yako Ohio State, na yako pia Kent State na Ohio University iliyopo Athens. Kila programu yenye ithibati hulazimika kutangaza hadharani ni wangapi wanaomaliza, wangapi wanaofaulu Praxis, na wangapi wanaopata kazi. Zisomeni takwimu hizo kabla ya kulipa ada ya maombi, kwa sababu ada hulipwa kwa kila chuo. Vyuo vingi vimeacha kudai mtihani wa GRE, lakini si vyote.

Tatu, barua za mapendekezo. Waombeni walimu miezi miwili kabla. Barua ya ami au ya rafiki wa baba haina uzito. Imamu naye aandike ikiwa tu amekuoneni mkifundisha, na aeleze alichokiona.

Nne, insha. Wengi wenu mmefundisha watoto chuoni, na mnajua makharij: herufi ipi yatoka kooni, ipi yatoka kwenye shina la ulimi, na ipi yatoka midomoni. Mwanafunzi wa fonetiki huanza papo hapo. Mkiandika habari hiyo, kumbukeni kwamba msomaji huenda hajui madrasa ni nini. Mwelezeni kwa sentensi moja, kisha mwambieni mtoto mmoja alishindwa herufi gani, mlifanya nini, na ikawaje.

Tano, mahojiano. Hijabu si kizuizi, na lafudhi si kizuizi. ASHA yenyewe imekwisha kusema kwamba lafudhi haimzuii mtu kuifanya kazi hii, mradi ana ujuzi unaotakiwa. Asiyepeana mkono na asiye maharimu wake aweke mkono kifuani na kusalimu kwa uchangamfu, naye ataheshimiwa.

Ama tarehe, maombi hufunguliwa wakati wa kiangazi, na mwisho wake aghalabu ni kati ya Desemba na Februari. Majibu huja majira ya kuchipua. Anayeanza kujitayarisha Novemba amekwisha kuchelewa.

Linabaki suala la fedha, na hapa tunajua wengi husimama kwa ajili ya riba. Mambo yamebadilika: kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na mikopo ya masomo mengi ya uzamili inawekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Juu ya hukumu ya dini, waulizeni wanavyuoni wenu. Sisi tunasema tu kwamba kabla ya mkopo zipo njia nyingine. Chuo cha serikali katika jimbo unaloishi hugharimu kidogo kuliko cha jimbo jingine. Baadhi ya vyuo hupunguza karo kwa mwanafunzi anayefanya kazi ya usaidizi idarani. Mfuko wa ASHA wa misaada ya masomo hupokea maombi kila mwaka. Na yapo majimbo yanayomruhusu mwenye shahada ya kwanza kufanya kazi kama msaidizi wa mtaalamu, akaweka akiba na kupata uzoefu kwa pamoja.

Mwisho, tuna maneno kwa wazazi, nasi tunajihesabu miongoni mwao. Binti yule alipoangukwa na alama, hakuwa mvivu. Alikuwa mkalimani wa familia nzima: hospitalini, benki, na ofisi ya nyumba. Kumuuguza bibi ni thawabu, wala hatumkatazi mtu. Lakini hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kutoa mkalimani bila ya malipo, na tulikuwa na haki ya kumdai. Sisi wakubwa hatukudai, tukamtoa mtoto darasani. Alama zile ni zake kwenye karatasi, lakini sehemu ya deni ni letu.

Basi tuwape muda wa kusoma. Tusiwaambie kwamba heshima iko katika udaktari na uinjinia tu. Na vijana wa kiume nao wasiione kazi hii kuwa ya wanawake, kwa kuwa wanaume ni wachache mno ndani yake na wanahitajiwa. Juu ya yote, tuendelee kusema na watoto wetu kwa Kiswahili nyumbani. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto kusema. Yule asiyejua kawa ni nini asingeweza kujua kwamba bibi yake amelisahau jina lake.

Mwenye swali alitie katika sanduku letu mlangoni mwa msikiti. Na aliyekwisha kuingia katika masomo haya tunamwomba ajitokeze, ili wadogo zake wapate wa kumwuliza. Mwenyezi Mungu awafungulie milango wote wanaojitahidi, na awape shifaa wagonjwa wetu.

Wabillahi tawfiq.