Haraka ya kuwaachisha wagonjwa dawa za afyuni ina maafa yake

MAREKANI imejifunza kwa gharama kubwa kwamba kumwanzishia mgonjwa dawa kali ya kutuliza maumivu ni kazi nyepesi kuliko kumwachisha. Somo la pili, ambalo madaktari, wanasiasa na kampuni za bima za nchi hiyo walichelewa kulikubali, ni kwamba kumwachisha kwa pupa kunaweza kumdhuru kuliko dawa yenyewe.

Suala hili lafaa kutazamwa kwa makini hapa nchini pia. Tangu mwisho wa 2014, Kenya imekuwa ikitoa methadoni kwa waraibu wa heroini, kwanza katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, kisha Malindi na Mombasa. Swali linaloulizwa na familia nyingi ni lile lile linaloulizwa Ohio au West Virginia: Je, ataiacha lini dawa hii?

Tuanze na chimbuko. Mnamo Desemba 1995, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha OxyContin, tembe za kampuni ya Purdue Pharma zilizoingia sokoni 1996. Hapo awali, dawa za jamii ya afyuni, yaani opioidi, zilitolewa hasa kwa wagonjwa wa saratani na watu waliotoka kupasuliwa. Kampuni hiyo ilizinadi kwa madaktari kama tiba ya maumivu sugu ya mgongo na viungo, huku ikidunisha hatari ya uraibu. Mnamo 2007 kampuni dada yake ilikiri mahakamani kwamba ilipotosha kuhusu hatari hiyo, na mnamo 2020 Purdue yenyewe ikakiri makosa mengine ya jinai. Kufikia wakati huo, mamilioni ya Wamarekani walikuwa wamekwisha kuzoea tembe hizo.

Kinaya ni kwamba manufaa yake kwa maumivu ya muda mrefu ni haba. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 katika jarida la JAMA uliwafuata kwa miezi 12 wagonjwa 240 wa kliniki za wanajeshi wastaafu mjini Minneapolis, wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Waliopewa opioidi hawakuwashinda waliopewa dawa za kawaida kama vile paracetamol na zile za kupunguza uvimbe.

Serikali iliposhtuka, ilishtuka kwa kishindo. Mnamo Machi 2016, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Maradhi (CDC) kilitoa mwongozo uliowashauri madaktari wa kawaida waepuke kupandisha dozi hadi kiwango kinacholingana na miligramu 90 za mofini kwa siku. Ulikuwa ushauri tu. Hata hivyo, majimbo, kampuni za bima na maduka ya dawa yaliugeuza kuwa sheria. Madaktari waliohofia kupokonywa leseni walianza kukata dozi za wagonjwa waliozitumia kwa miaka 10 au 15, na wengine wakawafungia milango.

Matokeo hayakukawia. Mnamo Aprili 2019, FDA ilitoa onyo kwamba kukatiza dawa hizi ghafla kumewaletea wagonjwa maumivu makali, msongo wa mawazo na hata kujiua. Mwaka wa 2021, jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi wa rekodi za wagonjwa 113,618 waliokuwa kwenye dozi za juu. Baada ya dozi kupunguzwa, visa vya kuzidisha dawa au arosto vilivyohitaji matibabu vilikuwa 9.3 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, ikilinganishwa na 5.5 pale dozi ilipoachwa ilivyo. Visa vya dharura ya akili, likiwemo jaribio la kujiua, vilikuwa 7.6 dhidi ya 3.3. Uchambuzi wa rekodi hauwezi kuthibitisha kwamba kupunguza dozi ndiko kulikosababisha yote hayo. Lakini ishara hiyo haikuweza kupuuzwa, na Novemba 2022 CDC iliuandika upya mwongozo wake. Kwa mtu aliyetumia dawa kwa mwaka mmoja au zaidi, ilisema, kupunguza asilimia 10 kwa mwezi, au polepole zaidi, huenda kukavumilika.

Utegemezi na uraibu

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Mwili wa mtu yeyote anayemeza opioidi kila siku kwa miezi mingi huizoea dawa hiyo. Ikikatizwa ghafla, atapiga miayo, atatokwa na jasho na makamasi, ataharisha, miguu haitatulia na usingizi utamtoroka. Hii ndiyo hali ambayo watumiaji wa Pwani huiita arosto. Huo ni utegemezi wa mwili, nao humpata hata ajuza aliyefuata maagizo ya daktari bila kukosea. Uraibu ni pale mtu anaposhindwa kujizuia, akaendelea kuitafuta dawa ingawa inambomolea kazi, ndoa na afya.

Kwa mwenye maumivu sugu, mambo huwa magumu zaidi kwa sababu arosto yenyewe huuma. Mgongo uliokuwa umetulia hulipuka upya dozi inapopunguzwa, na mgonjwa asijue kama ni maradhi ya zamani yaliyorejea au ni mwili unaodai haki yake. Isitoshe, opioidi zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kuufanya mfumo wa neva uhisi maumivu kwa wepesi zaidi kuliko hapo awali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayemwambia mgonjwa kama huyo ajikaze tu hajui analolisema.

Ndiposa wengi walioshindwa kushuka moja kwa moja kutoka kwa tembe za maumivu huhamishiwa dawa mbadala. Nchini Marekani, dawa hiyo mara nyingi ni buprenofini, maarufu kwa jina la kibiashara Suboxone inapochanganywa na naloksoni, iliyoidhinishwa mwaka wa 2002 kutibu utegemezi wa opioidi. Buprenofini hushika vipokezi vile vile vya ubongo vinavyoshikwa na mofini na heroini, lakini huviamsha nusunusu tu. Nguvu yake hufikia kikomo hata dozi ikiongezwa, hivyo hatari ya kuzima pumzi ni ndogo. Aidha hukaa mwilini kwa muda mrefu, na mgonjwa hapandi na kushuka mara kadhaa kwa siku. Hadi Desemba 2022, daktari wa Marekani alihitaji kibali maalumu ili kuitoa kwa waraibu, kikwazo ambacho Bunge la nchi hiyo lilikiondoa.

Mgonjwa hutulia, akarudi kazini, akalala usiku. Kisha, baada ya miaka kadhaa, hutamani kuachana na dawa hii pia. Hapo ndipo safari ya pili huanza, na ndiyo isiyosimuliwa sana.

Hesabu ya kushuka

Ushahidi dhidi ya kushuka kwa haraka ni mzito. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2011 uliwahusisha watu 653 waliotegemea opioidi za madaktari, baadhi yao wakiwa na maumivu sugu. Waliopewa buprenofini kwa majuma machache kisha ikaondolewa, ni asilimia 6.6 tu waliofanikiwa. Walioshindwa walipopewa tiba kwa wiki 12, karibu nusu walifanya vyema wakiwa bado kwenye dawa. Ilipoondolewa, idadi hiyo iliporomoka hadi asilimia 8.6 katika muda wa wiki nane. Utafiti mwingine wa 2014 ulionyesha kwamba miongoni mwa walioshushwa dozi, asilimia 11 pekee walimaliza kipindi cha tiba, ilhali walioachwa waendelee nayo walikuwa asilimia 66.

Takwimu hizo zisifasiriwe kwamba hakuna anayeweza kuacha. Waliofuatiliwa kutoka utafiti ule wa 2011, miezi 42 baadaye, asilimia 61 walikuwa hawatumii opioidi za uraibu. Takriban nusu ya hao walikuwa bado kwenye dawa mbadala, na nusu nyingine hawakuwa. Kwa hivyo njia zipo mbili, na zote zinapitika. Lisilopitika ni lile la majuma mawili.

Tuchukue mfano wa mtu anayetumia miligramu 16 za buprenofini kwa siku. Akipunguza kila mwezi asilimia 10 ya dozi aliyobaki nayo, mwaka mzima ukiisha atakuwa kwenye miligramu 4.5 hivi, na atahitaji takriban miezi 20 kufikia miligramu 2. Hapo wengi hudhani wamefika. Kumbe kutangulia si kufika. Utafiti mdogo wa picha za ubongo wa 2003 ulionyesha kwamba miligramu 16 hufunika takriban asilimia 80 ya vipokezi, ilhali miligramu 2 bado hufunika takriban 40. Kwa maneno mengine, miligramu 14 za mwanzo humwondolea mgonjwa nusu ya kinga yake, na miligramu 2 za mwisho humwondolea nusu iliyosalia. Anayeruka kutoka 2 hadi sufuri kwa sababu anaona ni kidogo, huanguka kutoka ghorofa ya kati akidhani amefika ngazi ya chini.

Ndio maana hatua za mwisho zapasa kuwa fupi kuliko zote. Tatizo ni kwamba dozi ndogo zaidi ya Suboxone inayouzwa ni ya miligramu 2, na wagonjwa hujikuta wakikata vipande kwa makasi. Baadhi ya madaktari hutumia sindano ya kila mwezi iliyoidhinishwa mwaka wa 2017, ambayo mabaki yake hutoka mwilini taratibu kwa miezi kadhaa. Dawa ya shinikizo la damu iitwayo klonidini husaidia kupunguza jasho na mahangaiko. Mazoezi, tiba ya viungo na ushauri nasaha hushughulikia maumivu yenyewe, ambayo hayataondoka kwa sababu tu dawa imeondoka.

Hatari kubwa kuliko zote huja baada ya kushuka. Mwili uliosahau opioidi hauwezi tena kustahimili dozi ya zamani, na anayeirudia kwa siku moja ya udhaifu anaweza kukata roho. Tathmini iliyochapishwa katika jarida la BMJ mwaka wa 2017 ilikadiria vifo 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka miongoni mwa walio kwenye methadoni, na 36.1 kwa walioiacha, majuma manne ya kwanza yakiwa ya hatari zaidi. Kwa buprenofini, vifo vilikuwa 4.3 dhidi ya 9.5.

Funzo kwa Kenya

Hali yetu si sawa na ya Marekani. Wagonjwa wetu wa methadoni wametoka kwa heroini, wala si kwa tembe za mgongo, na huinywa dawa hiyo mbele ya mhudumu wa afya. Lakini ubongo ni ule ule. Jamaa, mhubiri au mwajiri anayemshurutisha kijana aiache methadoni kabla ya harusi au kabla ya mwaka kuisha ili aitwe msafi, anamsukuma kwenye yale majuma manne.

Zaidi ya hayo, kuna kuachishwa ambako hakuna daktari aliyekuamua. Mpango huu ulijengwa kwa msaada wa wafadhili wa kigeni. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, Wakenya walionyeshwa jinsi huduma ya afya inavyoweza kutikiswa kwa saini moja iliyotiwa ng'ambo. Kliniki ya methadoni ikifungwa kwa kukosa fedha, au wahudumu wakigoma bila mpango wa dharura, mamia ya watu hushushwa dozi hadi sufuri kwa siku moja. Hakuna mwongozo wowote wa tiba unaokubali jambo hilo. Serikali inapaswa kuitengea dawa hii fedha zake yenyewe, na kuhakikisha naloksoni, inayomzindua aliyezidisha dozi, inapatikana karibu na wanaoihitaji.

Wala tusikimbilie upande wa pili kwa kuwanyima wagonjwa wa saratani mofini kwa hofu ya uraibu. Mnamo 2010 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watoto wa Kenya walivyokuwa wakiteseka kwa maumivu ambayo dawa rahisi ingeyatuliza. Hofu isiyopimwa ndiyo iliyowaponza madaktari wa Marekani baada ya 2016.

Anayetaka kushuka asaidiwe kushuka. Mwendo auamue yeye na daktari wake, apumzike pale mwili unapokataa, na akihitaji kurudi kwenye dozi ya awali asihesabiwe kuwa ameshindwa. Na anayechagua kubaki kwenye dawa, akifanya kazi na kulea wanawe, asiulizwe kila siku ataiacha lini. Mgonjwa wa kisukari haulizwi hivyo kuhusu insulini yake.